Kusakinisha Programu za Ujifunzaji wa Mashine kwenye Laptopu Mpya kwa Bando la Simu: Mwongozo Kamili

Mwongozo huu ni wa mtu wa Kigoma mwenye laptopu mpya ya Windows 11, intaneti yake ni ya simu, na anataka PyTorch na scikit-learn (maktaba za ujifunzaji wa mashine) na Jupyter (daftari la kuandikia na kuendesha msimbo) zifanye kazi. Awe Mwanga, Ujiji, Kasulu au Kibondo, vinavyomkwamisha ni vilevile: Python (lugha ya programu) isiyolingana na faili alilopakua, pip (kisakinishi cha maktaba za Python) inayosakinisha kwenye Python nyingine, na giga tatu za bando zilizoteketea kwa toleo la GPU (kadi ya michoro) kwenye laptopu isiyo na GPU.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka moja, kosa halitajitokeza pale uliporuka. Litakungoja hatua tatu mbele, na utaanza kutafuta mchawi asiyehusika.

## Vitu vya kuwa navyo

- Laptopu yenye RAM ya GB 8 au zaidi, na nafasi ya GB 20 kwenye diski C. Yenye GB 4 itasakinisha, lakini ukifungua Jupyter na kivinjari pamoja itaganda.
- Bando la GB 1.5 kwa toleo la CPU (prosesa ya kawaida). Toleo la GPU pamoja na draiva yake (programu inayoiendesha kadi) linataka GB 6.
- Waya wa USB unaopitisha data. Nyaya nyingi za bei ya chini huchaji tu; ukiuchomeka na simu isikuulize lolote kuhusu data, tafuta mwingine.
- Flashi ya GB 16 au zaidi, iliyofomatiwa kwa exFAT. FAT32 haipokei faili moja lililozidi GB 4.
- Betri iliyojaa. Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji na laptopu ikazima, utabaki na maktaba nusunusu zinazotoa makosa yasiyoeleweka.

Anaconda, mkusanyiko mkubwa wa Python na maktaba zake, haimo kwenye orodha kwa makusudi. Kisakinishi chake ni karibu GB 1, na vingi vilivyomo hutavigusa.

## Hatua ya 1: Izuie laptopu isile bando

Laptopu mpya ikionja intaneti huanza kujisasisha yenyewe, na GB 3 huondoka kabla hujaandika amri ya kwanza.

Unganisha simu kwa waya, kisha kwenye simu washa "USB tethering". Waya ni bora kuliko hotspot ya Wi-Fi: haikatiki ukiinuka kwenda kunywa maji, na simu inachaji hapohapo. Kwenye laptopu fungua Settings, ingia "Network & internet", chagua muunganisho huo (kwa waya utaitwa Ethernet), washa "Metered connection". Windows itaahirisha masasisho mengi.

Halafu OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi Windows 11 huiweka Desktop na Documents chini ya OneDrive bila wewe kutambua. Folda ya Python ina maelfu ya faili ndogondogo. Ukiiweka Desktop, OneDrive itaanza kuzipandisha moja moja mtandaoni kwa bando lako, na wakati mwingine itafunga faili ambalo pip inataka kuliandika. Bofya alama ya wingu chini kulia, chagua "Pause syncing". Kazi yote ya mwongozo huu itakaa `C:\ml`, nje ya eneo lake.

Tazama pia saa na tarehe. Laptopu iliyokaa dukani muda mrefu huamka na tarehe ya zamani, na tarehe ikiwa mbaya pip itakataa kila seva kwa ujumbe wa `CERTIFICATE_VERIFY_FAILED`. Watu hulaumu mtandao kutwa nzima kumbe ni saa.

Utajua umefaulu: fungua Task Manager, kichupo cha Performance, bofya Ethernet. Usipofungua chochote, mstari unalala chini karibu na sifuri. Ukipanda na kubaki juu, kuna programu bado inakula.

## Hatua ya 2: Ijue laptopu yako

Settings, System, About. Soma "System type". Inatakiwa iseme `x64-based processor`. Ikisema ARM, mwongozo huu haukuhusu, kwa sababu mafaili yake makubwa ni ya `win_amd64`. Usishtuke kuona neno "amd" kama prosesa yako ni Intel: ni jina tu la mfumo wa biti 64, linahusu zote mbili.

Kisha System, Activation. Ukiona "S mode", laptopu inakubali programu za Microsoft Store pekee na Python ya kawaida haitafunguka. Kutoka S mode ni bure, ila ukitoka huwezi kurudi tena.

La mwisho ni GPU, yaani kadi ya michoro. Rudi Task Manager, Performance, shuka mpaka GPU 0, na GPU 1 kama ipo. Jina likianza na NVIDIA, andika pembeni jina lote. Likiwa Intel au AMD peke yake, wewe ni wa toleo la CPU, na sehemu ya GPU huko chini haikuhusu.

Hata mwenye NVIDIA aanze na CPU. Sehemu kubwa ya kinachofundishwa kwenye kozi za mwanzo hukimbia vizuri kwenye CPU, na ukishaona mfumo mzima unafanya kazi, kosa la GPU likija utajua ni la GPU.

## Hatua ya 3: Python 3.12, siyo mpya kuliko zote

Kitufe kikubwa cha njano kwenye python.org kinakupa toleo jipya kabisa. Usikibofye. Maktaba kubwa huchelewa miezi kadhaa kutoa mafaili ya toleo jipya, na katika kipindi hicho pip hukujibu hivi:

```
ERROR: No matching distribution found for torch
```

Maana yake si kwamba torch haipo. Ni kwamba haipo kwa Python uliyonayo.

Chukua 3.12.10. Ukiona 3.12.11 au zaidi usihangaike nayo: kuanzia hapo tawi la 3.12 linapata marekebisho ya usalama tu, na hakuna kisakinishi cha Windows. Faili unalotaka linaitwa `python-3.12.10-amd64.exe`, chini ya MB 30.

Lifungue. Kabla ya kubofya "Install Now", tia tiki chini kabisa palipoandikwa "Add python.exe to PATH". Wengi hupitiliza hapo kwa haraka. Mwishoni ukionyeshwa "Disable path length limit", bofya pia. Windows hukataa njia ya faili iliyozidi herufi 260, na Jupyter ina folda ndani ya folda ndani ya folda.

Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) mpya. Iliyokuwa wazi kabla ya kusakinisha haitaiona Python. Andika:

```
py -3.12 --version
```

Utajua umefaulu: `Python 3.12.10`. Ukiandika `python` na Microsoft Store ikafunguka, Windows imeweka njia yake ya mkato mbele yako. Settings, Apps, "Advanced app settings", "App execution aliases", zima zote mbili za Python.

Papo hapo sakinisha Microsoft Visual C++ Redistributable ya x64, kupitia `https://aka.ms/vs/17/release/vc_redist.x64.exe`. Ni MB 25 hivi. Torch huitegemea, na isipokuwepo utaona `WinError 126` ikitaja faili la `.dll` ambalo ukilitafuta kwenye folda utalikuta limekaa palepale. Kinachokosekana ni kile ambacho hilo faili linakitegemea.

## Hatua ya 4: Chumba cha kazi

Mazingira pepe ni folda yenye Python yake na maktaba zake. Kazi ikivurugika unaifuta folda na kuanza upya, Python ya laptopu haiguswi.

```
mkdir C:\ml
cd C:\ml
py -3.12 -m venv mazingira
mazingira\Scripts\activate
```

Utajua umefaulu: mstari unaanza na `(mazingira) C:\ml>`. Andika `where python`. Jibu la kwanza liwe `C:\ml\mazingira\Scripts\python.exe`.

Tumia Command Prompt, siyo PowerShell. Kwenye PowerShell amri ya mwisho mara nyingi hugoma kwa maandishi mekundu, `running scripts is disabled on this system`. Ukilazimika kuwa huko, andika mara moja `Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned`.

Kila ukifungua dirisha jipya, `activate` tena. Usipoona `(mazingira)`, usiandike pip.

## Hatua ya 5: Pakua kwanza, sakinisha baadaye

Hapa ndipo bando huokolewa au hupotea. Watu huandika `pip install` moja kwa moja, mtandao unakatika kwenye asilimia 80, wanaanza upya. Tenganisha kazi mbili: kwanza jaza folda ya paketi, kisha sakinisha kutoka kwenye folda hiyo bila intaneti. Ukiharibu mazingira kesho, hutanunua bando tena.

Kama mtandao wako una bando la usiku la bei nafuu, hii ndiyo kazi yake.

```
python -m pip install --upgrade pip
python -m pip download -d paketi numpy pandas
python -m pip download -d paketi scikit-learn matplotlib
python -m pip download -d paketi jupyterlab
python -m pip download -d paketi torch torchvision --index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu
```

Amri ya kwanza ina sababu: kuanzia pip 25.1 kuna uwezo wa kuendeleza upakuaji uliokatika badala ya kuanza sifuri. Matoleo ya zamani hayana.

Mistari imegawanywa ili mtandao ukikatika upoteze kidogo. Torch ya CPU ni kati ya MB 100 na 250 kutegemea toleo. Ukikatika, rudia mstari uleule. Kilichokamilika pip itakiruka.

Usiache `--index-url` kwenye mstari wa torch hata kama Windows ingekupa CPU bila kuuliza. Siku utakapofanya kazi hii kwenye Linux, torch isiyo na anwani hiyo huja na maktaba za CUDA (za GPU ya NVIDIA), na bando la GB 2 halitoshi.

Fungua folda ya `paketi` ulitazame jina moja, mfano `torch-2.7.1+cpu-cp312-cp312-win_amd64.whl`. Jina linasema kila kitu: toleo la torch, aina (`cpu`), Python (`cp312` ni 3.12), mfumo. Kimoja kisipolingana na laptopu yako pip husema `is not a supported wheel on this platform`. Kubadili jina la faili hakusaidii, sawa na kuandika "mgebuka" juu ya kopo la dagaa.

Sasa zima data ya simu, ndiyo, izime kabisa, kisha:

```
python -m pip install --no-index --find-links paketi numpy pandas scikit-learn matplotlib jupyterlab torch torchvision
```

Subiri dakika 5 hadi 15. Mstari wa "Installing collected packages" hukaa kimya muda mrefu kwa sababu inafungua maelfu ya faili na kizuia virusi kinazikagua kila moja. Usibonyeze Ctrl+C.

Utajua umefaulu: `Successfully installed` ikifuatiwa na orodha ndefu. Ikisema haipati kitu fulani, washa data, kipakue hicho kimoja kwa `download`, rudia.

## Hatua ya 6: Jaribu bila intaneti

```
python -c "import torch; print(torch.__version__, torch.cuda.is_available())"
```

Jibu sahihi kwa CPU ni namba ya toleo yenye `+cpu`, kisha `False`. Hiyo `False` siyo kosa. Watu wamefuta kila kitu na kuanza upya kwa sababu yake.

Sasa kazi halisi. Fungua Notepad, andika haya, hifadhi `C:\ml\jaribio.py`:

```
from sklearn.datasets import load_digits
from sklearn.model_selection import train_test_split
from sklearn.linear_model import LogisticRegression

X, y = load_digits(return_X_y=True)
Xf, Xj, yf, yj = train_test_split(X, y, random_state=0)
modeli = LogisticRegression(max_iter=5000).fit(Xf, yf)
print(modeli.score(Xj, yj))
```

Kisha `python jaribio.py`. Picha 1,797 za tarakimu zilizoandikwa kwa mkono huja ndani ya scikit-learn, kila moja piseli 8 kwa 8, kwa hiyo huhitaji kupakua data. Modeli inajifunza kwa robo tatu na kupimwa kwa robo iliyobaki.

Utajua umefaulu: namba karibu na 0.95. Yaani katika picha 100 ambazo haikuwahi kuziona, imepatia kama 95.

Kwenye Notepad chagua "All files" unapohifadhi, la sivyo utapata `jaribio.py.txt`. Na usiliite faili lako `torch.py`, `random.py` wala `numpy.py`. Python itaingiza faili lako badala ya maktaba na kulalamika kuhusu `partially initialized module`.

Mwisho `jupyter lab`. Kivinjari kitafunguka kwenye anwani inayoanza na `localhost`; hiyo ni laptopu yako, bando haliguswi. Kwenye seli ya kwanza andika `import sys; sys.executable`. Njia isiyo na neno `mazingira` inamaanisha umeifungua Jupyter ya Python nyingine. Hiki ndicho chanzo cha lile lalamiko la "nimesakinisha lakini inasema `No module named torch`". Dawa ni kufunga, `activate`, kufungua tena. Na kila mara andika `python -m pip`, siyo `pip` peke yake, ili uwe na hakika pip ni ya Python ipi.

## Makosa mengine ya kila siku

`A module that was compiled using NumPy 1.x cannot be run in NumPy 2.x`: umesakinisha maktaba ya zamani juu ya NumPy mpya. NumPy 2.0 ilitoka Juni 2024, na vilivyojengwa kabla yake havielewani nayo. Sasisha maktaba hiyo. Ikishindikana, `python -m pip install "numpy<2"`.

`No space left on device`: pip hutunza nakala. `python -m pip cache purge` huzifuta. Kwa kuwa unayo folda ya `paketi`, huzihitaji.

`externally-managed-environment`: hii ni ya wenye Ubuntu au Debian mpya. Mfumo unakukataza kugusa Python yake. Tengeneza mazingira pepe kama Hatua ya 4. Usifuate ushauri wa kuongeza `--break-system-packages`, jina lenyewe limeshakuambia.

## Kama una NVIDIA

Andika `nvidia-smi`. Jedwali likitokea, soma mstari wa juu upande wa kulia, palipoandikwa "CUDA Version". Hiyo si CUDA uliyosakinisha. Ni ya juu kabisa ambayo draiva yako inaweza kubeba. Torch unayochukua isiizidi: ikisema 12.8 au zaidi, `cu128` inafaa. Ikiwa ndogo, sasisha draiva kwanza. Usipakue CUDA Toolkit, ni giga kadhaa zinazopotea bure, kwa sababu torch huja na maktaba zake za CUDA ndani. Draiva tu ndiyo inayotoka nje.

Wenye RTX za mfululizo wa 50 wachukue torch 2.7 au zaidi ya `cu128` kwenda juu. Chini ya hapo itaingia bila shida, kisha ukianza kazi itasema `no kernel image is available for execution on the device`.

Faili ni kati ya GB 2.4 na 3.5. Kwa ukubwa huo tumia curl, ambayo imo ndani ya Windows na huendelea ilipokatikia. Fungua `https://download.pytorch.org/whl/cu128/torch/`, tafuta mstari wenye `cp312` na `win_amd64`, nakili anwani yake:

```
mkdir C:\ml\gpu
cd C:\ml\gpu
curl -L -C - -O "anwani uliyonakili"
```

Ikikatika, bonyeza mshale wa juu, Enter. Likikamilika utaona jina lina `%2B` mahali pa alama ya kujumlisha. Badili `%2B` iwe `+`, vinginevyo pip italikataa jina. Torchvision chukua vivyo hivyo, kutoka folda ya `torchvision` ya `cu128` hiyohiyo. Ukichanganya `cpu` na `cu128` zitagombana.

```
cd C:\ml
python -m pip uninstall torch torchvision
python -m pip install --no-index --find-links gpu --find-links paketi torch==2.7.1+cu128 torchvision
```

Weka namba ya toleo ulilopakua. Ile amri ya `is_available()` sasa ijibu `True`. Ukifanya kazi nzito, weka laptopu mezani, usiiweke kitandani: shuka likiziba matundu ya chini, kadi hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na mafunzo ya dakika 20 yanakuwa saa nzima.

TensorFlow ni habari nyingine. Kuanzia toleo la 2.11 haitumii GPU kwenye Windows ya kawaida, ni lazima upitie WSL2 (Linux ndani ya Windows). Usipoteze usiku kuitafutia draiva.

## Kumpa mwenzako wa Buhigwe au Uvinza

Nakili kwenye flashi vitu vitatu: kisakinishi cha Python, `vc_redist.x64.exe`, na folda nzima ya `paketi`. Hatua ya 3 mpaka ya 6 atazimaliza bila kutumia hata MB moja, isipokuwa mistari ya kusasisha pip na ya kupakua, ambayo haihitaji. Mwambie ahakikishe tu kwamba Python yake ni 3.12 na mfumo ni x64.

Folda ya `mazingira` usiinakili. Ndani yake kuna njia kamili za laptopu yako, kuanzia jina lako la mtumiaji, na kwake itafunguka ikitafuta Python kwenye `C:\Users\` isiyokuwepo. Atengeneze yake kwa `py -3.12 -m venv mazingira`. Haichukui dakika moja.